Jicho Jekundu Si Ugonjwa Mmoja

Katika nyumba nyingi hakukosi kichupa cha dawa ya macho kilichobaki tangu ugonjwa uliopita, na mtu akiamka na macho mekundu hicho ndicho hufunguliwa kwanza. Mazoea haya yana hatari, kwa sababu wekundu ni dalili ya magonjwa mengi yenye tiba tofauti. Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, chanzo kilikuwa kirusi, na dawa ya kuua bakteria haiui virusi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni dawa gani itumike, mwanakaya atazame wekundu umekaa wapi, kisha aulize kama kuna maumivu makali na kama uoni umepungua.

Wekundu ukiwa kwenye kingo za kope, pale nywele zinapoota, huenda ni uvimbe wa kope. Macho yote mawili huwasha na kuchoma, hasa asubuhi, na magamba mithili ya mba hung'ang'ania mashina ya nywele za kope. Hutokea tezi ndogo za mafuta zilizo kwenye kingo hizo zinapoziba, au bakteria wa kawaida wa ngozi wanapozidi; wenye mba kichwani huupata zaidi. Hauambukizi, lakini hupungua na kurudi, hivyo dawa yake kuu ni usafi wa kila siku. Nawa mikono, funga macho, weka juu yake kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, kanda kope taratibu, kisha futa magamba. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, na uache wanja mpaka uvimbe utulie.

Hali nyingine zina alama zake. Wekundu ukitanda kwenye weupe wa jicho, ukaanzia jicho moja na kuhamia la pili, pamoja na machozi au matongotongo, hayo ni maambukizi ya utando wa jicho. Mgonjwa asichangie taulo wala mto na wenzake. Muwasho mkali unaorudi msimu wa vumbi, bila usaha, mara nyingi ni mzio. Kijipu chenye maumivu kwenye sehemu moja ya kope ni chokea, nacho hutulizwa kwa kitambaa hichohicho cha uvuguvugu, kisikamuliwe. Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, ni jambo jingine: bakteria wake husambazwa kwa mikono, nguo na nzi, na maambukizi yanayojirudia huacha makovu ndani ya kope mpaka nywele zinageukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Anayezing'oa nywele hizo kila mara anahitaji kupimwa.

Mtu anaweza kusema kwamba kupambanua magonjwa ni kazi ya daktari. Ni kweli, lakini anayeamua kwenda kituo cha afya leo au kungoja ni mwanakaya mwenyewe, na uamuzi huo huhitaji maarifa. Mwingine atasema matone ya duka la dawa yalimponya jirani. Maambukizi mengi ya virusi hupona yenyewe baada ya wiki moja hadi tatu, kwa hiyo kupona baada ya kutia dawa si ushahidi kwamba dawa ndiyo iliyoponya. Tena, matone yenye steroidi hufuta wekundu haraka huku kidonda kwenye kioo cha jicho kikizidi. Yakitumika muda mrefu bila uangalizi, huweza kuleta presha ya jicho na mtoto wa jicho.

Usingoje nyumbani iwapo kuna maumivu makali, uoni uliofifia, mwanga usiovumilika, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au jeraha. Mtoto mwenye homa na kope iliyovimba mpaka jicho limefunga, na mchanga wa chini ya siku 28 anayetoa usaha machoni, wapelekwe hospitali siku hiyohiyo. Uvimbe wa upande mmoja usiopona, hasa nywele za kope zikipukutika hapo, uchunguzwe kwa sababu unaweza kuwa saratani. Na kile kichupa cha zamani kitupwe: matone mengi hayafai tena wiki 4 baada ya kufunguliwa.