Kiongozi Aliyefedheheka Akirudi Kuomba Kura

Tumeulizwa na vijana wetu wa pwani wanaofanya kazi Nairobi, wakaao Kibera na Kawangware: mtu aliyekuwa na cheo, akaanguka kwa fedheha, kisha akarudi na magunia ya unga na maneno ya toba, je, yafaa tumchague tena? Baadhi yao husema asamehewe, kwani Mola ni Mwingi wa kusamehe. Baadhi husema asirudi kabisa. Sisi twaona makundi yote mawili yamechanganya mambo ambayo yapasa kutenganishwa.

Jambo la kwanza ni dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake. Mlango wa toba ya dhambi hiyo u wazi, wala hatukupewa sisi ufunguo wake. Tumekatazwa kupeleleza aibu za watu na kueneza machafu. Basi apitishaye picha za fedheha katika simu, kutoka Makina mpaka Gatina, ameshiriki katika uovu anaodai kuuchukia. Walakini tusidanganyike na maneno "hayo ni mambo ya nyumbani". Aliyempiga mkewe, au aliyemtupa mtoto wake bila matunzo, amemdhulumu mtu, na mwenye haki yuko hai anangoja haki yake.

Jambo la pili ni amana. Gavana na madiwani wamewekewa hazina ya kaunti. Mbunge naye huwa karibu na mfuko wa jimbo, ambao humo hutoka basari za watoto wa masikini. Wanavyuoni wameweka masharti ya toba: kuacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia, na penye haki ya watu, kuirudisha kwa wenyewe au kupata radhi yao. Basi aliyekula fedha ya basari, akaja kulia mbele ya watu hali hajarudisha hata shilingi, huyo amelia tu, bado hajatubu.

Tena madhehebu yetu ya Shafi yamekwenda mbele zaidi. Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj ya kwamba fasiki akitubu, ushahidi wake haupokelewi papo hapo. Hujaribiwa muda wa kutosha kudhihirisha ukweli wa toba yake, na wengi wa wanavyuoni wameukadiria muda huo kuwa mwaka mmoja, kwa kuwa mwaka hupitisha misimu yote, na kila msimu huamsha matamanio yake katika nafsi. Tafakari, ewe msomaji: ikiwa shahidi wa deni la shilingi mia hungojewa mwaka, sembuse mtu atakaye kushika mali ya mji mzima? Na majaribio hayo ni akiwa hana cheo. Alipokuwa nje ya kiti, je, alionekana Laini Saba na Kawangware wakati usio wa kura?

Jambo la tatu ni mtu aliyesingiziwa. Nabii Yusuf, alayhi salaam, alipoitwa na mfalme kutoka gerezani, hakukubali kutoka mpaka yale mambo ya wanawake waliojikata mikono yachunguzwe. Usafi wake ulipodhihiri ndipo alipoomba kazi ya hazina. Tuuangalie mpango huo: kwanza jina, kisha kazi.

Nairobi imeona mengi ya namna hii. Bi Beatrice Elachi, aliyekuwa Spika wa Bunge la Kaunti, aliondolewa na madiwani mwaka 2018 kwa tuhuma za kutumia madaraka vibaya. Akaenda mahakamani, akarudi kitini mwaka 2019, akajiuzulu mwaka 2020. Mwaka 2022 wapiga kura wa Dagoretti Kaskazini, jimbo ambalo Kawangware imo ndani yake, walimchagua kuwa mbunge. Bwana Mike Mbuvi Sonko, aliyekuwa Gavana, aliondolewa na Seneti tarehe 17 Desemba 2020. Mwaka 2022 alikuja kwetu Mombasa kutaka ugavana. Mwezi wa Julai mwaka huo Mahakama ya Juu ikathibitisha kuondolewa kwake, naye akazuiwa kugombea. Hatuwataji hawa ili tuwahukumu. Twawataja ili ijulikane kuwa ziko njia: mmoja njia ilimfikisha Bungeni, mwingine ilimfungia mlango.

Katiba ya mwaka 2010, katika sura ya sita, imesema uongozi ni amana, na aliyeondolewa kwa kuvunja kanuni za maadili hatashika tena cheo cha dola. Lakini sheria hiyo hungoja mpaka rufani zote ziishe, na mwenye rufani huweza kugombea huku kesi yake ikiendelea. Hapo sheria imemwachia raia kazi, na kura yake ni ushahidi wake.

Basi akija mtu wa namna hii, na aulizwe maswali haya. Kwanza: ulichokichukua, umekirudisha kwa nani? Pili: uliyemdhulumu, amekuridhia? Tatu: tangu uanguke, mwenendo wako umekuwaje, na nani jirani yako atakayekushuhudia? Akiwa na majibu, kumpokea si haramu. Akiwa hana ila unga, basi unga ule huisha kwa siku chache, na muhula wa kiti ni miaka mitano.

Mola atujaalie kuwa mashahidi wa kweli. Wallahu aalam.