Stringi yako ataisoma nani? Kuonyesha maandishi ndani ya Emacs

Anayeanza kuandika Emacs Lisp huuliza mapema sana: nikishapata stringi yangu, naionyeshaje? Jibu analopewa upesi ni `message`, na kwa siku za mwanzo linamtosha. Mimi naona swali lenyewe limeanzia katikati. Emacs, ambayo Richard Stallman alianza kuiandika kwa ajili ya mradi wa GNU mwaka 1984, haina mlango mmoja wa kutolea maandishi kama zilivyo programu za kawaida za terminali. Ina mstari wa chini kabisa wa skrini, ina bafa, ina madirisha, na kila kimoja kina desturi zake za kupokea maandishi na kuyafuta. Kwa hiyo amua kwanza stringi ataisoma nani na ataihitaji kwa muda gani. Jina la fanksheni litafuata.

Chukua mfano mdogo. Katika bafa ya `*scratch*` andika msemo huu, weka kishale mwishoni, kisha bonyeza `C-x C-e`:

`(concat "Alisema " "\"ndiyo\"")`

Chini ya skrini inatokea `"Alisema \"ndiyo\""`, na alama za mtajo na mikwaju yake yote. Hakuna kilichoharibika. `C-x C-e` inakuonyesha thamani kwa njia ya `prin1`, na kazi ya `prin1` ni kuandika kitu kwa umbo ambalo Lisp yenyewe inaweza kulisoma tena. Msomaji anayekusudiwa pale ni mashine, wewe unachungulia tu. Dada yake, `princ`, huandika kwa ajili ya macho ya mtu na kuyaacha mapambo hayo. Ndani ya `format` tofauti ni ileile: `%S` kwa mashine, `%s` kwa mtu. Sasa jaribu `(message "Habari")` kwa `C-x C-e` hiyohiyo, utaona `"Habari"` ikiwa bado na alama za mtajo, na hapa ndipo wengi huanza kuishuku `message`. Bonyeza `C-h e` ufungue bafa ya `*Messages*` na ushahidi uko pale: mstari mmoja `Habari`, mtupu, na chini yake mwingine wenye alama. Wa kwanza ni kazi ya `message`. Wa pili ni thamani iliyorudishwa na `message`, ambayo `C-x C-e` imeichapa juu ya ule wa kwanza kabla jicho halijauona.

Hapo atatokea mtu aseme: basi si nirudishe tu stringi, Emacs iichape yenyewe? Hapana, kwa sababu uchapaji ule ni huduma ya `C-x C-e` na ya `M-:`, si tabia ya lugha. Amri ileile ukiiita kwa `M-x`, thamani yake inatupwa kimyakimya na mtumiaji haoni kitu. Kurudisha thamani ni kuzungumza na fanksheni iliyokuita. Ukitaka kuzungumza na mtu, ni lazima ufanye hivyo waziwazi.

Na `message`, je? Hiyo ni ya taarifa inayopita: faili limehifadhiwa, utafutaji umefika mwisho, kazi ndefu imefika nusu. Maandishi yake hukaa mpaka mtumiaji aguse kibodi au taarifa nyingine ije, kisha yanaondoka. Mahali pake penyewe ni padogo; kwa mipangilio ya kawaida hapapanuki kupita robo ya kimo cha fremu, na ripoti ya mistari mingi itakatwa. Jingine ni kwamba kigezo chake cha kwanza ni kiolezo, si maandishi ya kawaida. `(message "Punguzo ni 20%")` inaleta kosa, kwa kuwa alama ya asilimia inasubiri herufi isiyokuja. Waandishi wa Kiswahili wana mtego wa ziada: tangu toleo la 25, alama ya ritifaa iliyomo ndani ya kiolezo kwa kawaida hugeuzwa kuwa ya kupinda, kwa hiyo `(message "Ng'ombe")` huonyesha herufi isiyolingana na ile iliyomo kwenye faili lako. Dawa ya yote mawili ni moja: `(message "%s" maandishi)`. Kinachoingia kupitia `%s` hakiguswi. Nashauri uandike hivyo kila mara stringi inapotoka nje ya msimbo wako.

Pingamizi ninalolipa uzito zaidi ni kwamba `*Messages*` inahifadhi kila kitu, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Ni kweli kwa kiasi. Bafa hiyo hutunza mistari 1000 tu usipobadilisha `message-log-max`, na matokeo yako yamo humo yakiwa yamechanganyika na kila "Mark set" ya asubuhi nzima. Hiyo ni kumbukumbu ya mwenye kutafuta hitilafu. Jambo la kusomwa lipewe bafa yake:

`(with-output-to-temp-buffer "*Ripoti*" (princ maandishi))`

Dirisha linafunguka, kishale kinabaki pale mtumiaji alipokuwa akiandika, anasoma kwa nafasi yake, anaweza kutafuta na kunakili, na akihamia humo `q` inalifunga. Utasema madirisha yanayochomoza ovyo yanakera, nami nakubali; neno moja halistahili dirisha. Lakini Emacs yenyewe imeshalitatua hilo. Endesha amri ya mfumo kwa `M-!`: tokeo fupi linaonekana chini ya skrini, refu linafunguliwa katika bafa. Fanksheni inayopima hivyo ni `display-message-or-buffer`, na iko wazi kwako pia. Usipojua urefu wa tokeo mapema, itumie hiyo.

`insert` naiweka mbali na hizi zote. Haionyeshi kitu bali inabadilisha hati ya mtu, kwa hiyo inafaa pale tu stringi inapokuwa sehemu ya hati, kama tarehe au kichwa cha barua. Kuitumia ili "kuona" tokeo ni kumwachia mtumiaji uchafu wa kufuta.

Pale ambapo hakuna skrini kabisa, kanuni ya kumjua msomaji inadai zaidi. Ukiendesha `emacs --batch`, maandishi ya `message` huenda kwenye mkondo wa makosa, na ya `princ` kwenye mkondo wa kawaida. Programu inayopokea tokeo lako kwa bomba haitaona hata herufi moja ya `message`. Huko `message` ibaki kwa maendeleo na maonyo, tokeo lipite kwa `princ`, na mstari mpya uweke mwenyewe kwa `terpri`, maana `princ` haiuongezi.