Hela ya Kaboni: Elewa Bei Yake Kabla ya Kusaini

Vijana wa Bukoba na Muleba mnaopanda miti kwenye rweya mmekuwa mkiniuliza: "Bwana shamba, hii hela ya kaboni inapatikanaje?" Twende taratibu.

Bei ya kaboni ni nini?
Ni gharama anayobebeshwa anayechafua hewa. Serikali zina njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kodi: Afrika Kusini ilianza kutoza viwanda kodi ya kaboni Juni 2019. Ya pili ni biashara: anayechafua ananunua tani za hewa ukaa zilizopunguzwa au kunyonywa na miti kwingine. Tanzania ilitoa kanuni za biashara hii mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni (NCMC) kipo SUA, Morogoro. Hii ya pili ndiyo inayofika mpaka shambani kwako.

Tupige hesabu
Kinachouzwa ni tani 1 ya hewa ukaa. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mti wenye kilo 200 ukikauka una kaboni kilo 100. Zidisha kwa 3.67, unapata hewa ukaa kilo 367. Yaani tani moja ni kama miti mitatu ya ukubwa huo. Mche wa mwaka jana bado sana!

Wengi wanakosea hapa
Mnunuzi halipii mti kwa sababu tu upo. Analipia mti ambao usingepandwa bila mradi, na utakaobaki umesimama. Mpaina uliopanga kuuvuna mapema kwa mbao unaweza kukugombanisha na mkataba. Miti ya kivuli kibanjani, katikati ya kahawa na migomba, haina ugomvi huo. Jirani zetu wa Karagwe walishapita njia hii kupitia mradi wa Emiti Nibwo Bulora wa Vi Agroforestry.

Kabla ya kusaini, uliza:
1. Rweya ni yangu, ya ukoo au ya kijiji?
2. Mkataba ni wa miaka mingapi? Nikiuza shamba inakuwaje?
3. Nalipwa lini, na gharama za ukaguzi zikikatwa nabaki na nini?
4. Moto wa kiangazi ukipita, hasara ni ya nani?
5. Mradi umesajiliwa? Nioneshwe karatasi.

Usikope kwa kutegemea hela ya kaboni, na usisaini siku hiyo hiyo uliyoletewa mkataba. Njoo nao ofisi ya kata, tuusome pamoja.