Adabu ya Kuzuru Magofu ya Kale

Ndugu mmoja aliyeingia katika Uislamu hivi karibuni ameniuliza: je, yafaa Mwislamu kusafiri kwenda kutazama magofu na makaburi ya wafalme, au huo ni upotezaji wa wakati?

Kurani Tukufu mara nyingi inatuhimiza tutembee katika nchi na kuangalia ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Basi kutazama si kosa. Swali ni hali ya moyo wa mtazamaji. Katika mwaka wa 9 Hijria, Mtume Mtukufu s.a.w. alipokuwa akielekea Tabuk, alipita Hijr, palipokuwa makao ya Thamud. Aliwaamuru Masahaba wasiingie pale ila kwa kulia, na unga waliokwisha kuukanda kwa maji ya visima vile wawape ngamia. Si kila mahali ni pa kufanyia mandari.

Makaburi nayo Mtume s.a.w. kwanza alikataza kuyazuru, kisha akaruhusu, kwa sababu yanakumbusha akhera. Huwaombea maiti, hatuwaombi wao.

Sasa tutazame Kilwa Kisiwani, ng'ambo kidogo ya Kilwa Masoko kwa mashua. Msikiti wake Mkuu ulianza katika karne ya 11, ukapanuliwa baadaye, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Juu ya jabali la pwani liko Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji na ukarimu wa Sultani huyo. Anasimulia kuwa fakiri mmoja alimwomba nguo alizovaa, naye akampa. Baadaye mwana wa Sultani alizirudisha kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na Sultani akaongeza kumi wengine pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Wasimulizi wengi huishia kwenye sifa. Mimi kila nisimamapo pale huwafikiria wale ishirini, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji na kuupora.

Nilipozuru mara ya kwanza niliokota kigae cha bakuli la Kichina, nikakitia mfukoni kiwe ukumbusho. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza jambo hilo, lakini sikuwa nikifikiri juu ya sheria. Mzee aliyetuongoza aliniona. Hakunikemea mbele ya wenzangu. Alingoja mpaka tukabaki wawili.

"Mwalimu," akasema, "kila mgeni akiondoka na kimoja, wajukuu wangu watamwonyesha nani nini?"

Niliona haya sana. Nilikuwa nimetoka kuwahubiria wenzangu habari za Hijr, na ule unga waliopewa ngamia! Tulirudi pamoja hadi ukutani, nami nikatafuta mahali hasa nilipokiokota. Ilinichukua muda, kwa maana sikuwa nimepaangalia vizuri.