Kabla Hujauza Kompyuta: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

USISEME umefuta kwa sababu tu umebonyeza Delete na kumwaga pipa la taka. Kompyuta imeondoa jina la faili kwenye orodha yake, basi. Picha na barua zenyewe mara nyingi ziko palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu ya bure kama Recuva inaweza kuzirudisha.

USIRIDHIKE na fomati ya haraka. Nayo hufuta orodha tu. Ukifomati diski ya nje kwenye Windows, ondoa tiki kwenye Quick Format, hata kama kazi itachukua saa nyingi. Tangu Windows Vista, fomati kamili huandika sifuri diski nzima.

JUA diski yako ni ya aina gani. Wengi hulipuuza hili, na ndilo linaloamua yote. Kwa diski ya sahani zinazozunguka, kuandika upya mara moja juu ya kila kitu kunatosha. Wapo wanaong'ang'ania mara 35 kwa sababu ya makala ya Peter Gutmann ya 1996; yeye mwenyewe alishaeleza kwamba diski za kisasa hazihitaji hayo. Acheni kuchoma umeme bure.

SSD, diski ya chipu isiyo na sahani, ni habari nyingine. Ili isichakae upande mmoja, huhamishahamisha data kimyakimya, hivyo unapodhani umeandika juu ya faili, huenda umeandika pengine kabisa. Tumia amri ya kufuta SSD iliyowekwa na mtengenezaji. Na SIMBA diski nzima kwa msimbo wa siri, kwa BitLocker (Windows) au FileVault (Mac), tangu siku unayoinunua, kabla hujaweka hata picha moja. Ufunguo ukiharibiwa, kilichobaki hakisomeki.

HAMISHA kwanza unavyovihitaji, kisha ufungue nakala uone kama zinafunguka. Ukishafuta, usimlilie fundi.

Laptopu ya Windows inayouzwa: ingia Reset this PC, chagua Remove everything, halafu fungua mipangilio ya ziada UWASHE Clean data. Swichi hiyo huja imezimwa. Ukiiruka umesafisha sebule ya mnunuzi tu.

USIMKABIDHI mtu diski kwa kuamini neno lake. Mwaka 2022 benki ya Morgan Stanley ya Marekani ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35: ilikuwa imeipa kampuni ya kuhamisha mizigo, isiyojua kazi ya kuharibu data, maelfu ya vifaa, na vingine vikauzwa mnadani mtandaoni vikiwa na taarifa za wateja.

USITUPE diski iliyokufa. Isiyowaka bado ina sahani nzima ndani. Itoboe kwa drili, sahani zote, sehemu kadhaa. Kwa SSD saga chipu zenyewe. Tundu moja katikati ya ubao linaweza kuzikosa zote. Vaa miwani. USIICHOME, moshi wake ni sumu.

Na kwenye kompyuta isiyo yako, je: kitambulisho ulichoskani stesheneri jana, kikaachwa kwenye kompyuta yao? Rudi angalau ukakifute, pamoja na kile kilichoko kwenye pipa lao la taka.