Kuchagua Brashi ya Hewa ya Kwanza: Somo kwa Wajenzi wa Modeli wa Kigoma na Ujiji

Utangulizi

Mnamo mwaka 1913 iliundwa meli katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Goetzen. Baadaye ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya makasha, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapakiwa kwenye reli kuja Kigoma. Hapa iliunganishwa upya, na mwezi Februari 1915 ikashushwa ziwani. Meli hiyo ndiyo tuijuayo leo kwa jina la Liemba.

Mtu anayejenga modeli ya Liemba huirudia kazi ile kwa udogo. Meli hiyo ina urefu wa takriban mita 71. Ikijengwa kwa kipimo cha 1:100, modeli yake huwa na urefu wa sentimita 71. Kwa kipimo hicho nguzo ya mita moja hugeuka kuwa sentimita moja, na kichwa cha ribiti chenye upana wa sentimita mbili huwa sehemu mbili za kumi za milimita. Rangi nzito ikipakwa juu ya vitu vidogo hivyo huvifukia vyote, na kazi ya miezi hupotea kwa alasiri moja. Ndiyo sababu wajenzi wengi hutamani brashi ya hewa, yaani kifaa kidogo chenye umbo la kalamu nene ambacho hutumia hewa yenye shinikizo kupuliza rangi kwa tabaka jembamba.

Kifaa hiki ni nadra kupatikana katika maduka ya mkoani kwetu. Aghalabu huagizwa Dar es Salaam, na safari ya reli kutoka huko ni zaidi ya kilomita 1,200. Mnunuzi akikosea, kosa lake husafiri naye umbali huo huo. Lengo la somo hili ni kumwezesha mnunuzi wa kipato cha kawaida kuchagua mara moja na kuchagua vema.

1. Jiulize kwanza kama unakihitaji

Ikiwa unakusudia kupaka modeli moja au mbili za mitumbwi ya mbao kwa ajili ya mapambo, brashi ya kawaida ya manyoya laini, msasa mzuri na subira vinatosha. Ikiwa modeli ni kubwa na rangi zake ni chache, kopo la rangi ya kupuliza linaweza kukidhi haja. Brashi ya hewa humfaa yule anayejenga mara kwa mara, anayetaka rangi mbili zikutane bila mstari mkali kati yake, au anayeuza modeli zake na hivyo anahitaji kila moja itoke kwa ubora ule ule. Kama hujafika hapo, weka akiba yako. Kifaa kisichotumika huganda rangi ndani na kuharibika.

2. Mambo manne ya kutazama katika kifaa

Jambo la kwanza ni namna kinavyoendeshwa. Kuna brashi ya hewa ya tendo moja, ambayo ukibonyeza kitufe hewa na rangi hutoka pamoja kwa kiasi ulichokwisha kukipanga. Kuna na ya matendo mawili: ukibonyeza hutoka hewa, ukivuta nyuma hutoka rangi. Ya tendo moja ni rahisi kujifunza. Ya matendo mawili huhitaji mazoezi, lakini humpa fundi uwezo wa kuanza na mstari mwembamba kisha kuupanua bila kusimama. Kwa anayetarajia kuendelea na kazi hii, ya pili ndiyo inayofaa zaidi.

Jambo la pili ni mahali rangi inapokaa. Kikombe kilicho juu hushusha rangi kwa uzito wake, hutumia shinikizo dogo, na hukuwezesha kufanya kazi kwa matone machache ya rangi. Chupa iliyo chini hubeba rangi nyingi, lakini huhitaji hewa yenye nguvu zaidi ili kuinyonya. Kwa modeli ndogo, chagua kikombe cha juu.

Jambo la tatu ni ukubwa wa tundu la nozeli. Matangazo husifu tundu la milimita 0.2 kwa kuwa huchora mstari mwembamba sana. Kwa anayeanza, sifa hiyo ni mtego, kwani tundu hilo huziba kwa chembe yoyote ya rangi. Milimita 0.3 hadi 0.5 ndicho kiwango kinachomfaa mwanafunzi.

Jambo la nne, ambalo wanunuzi wengi hulisahau, ni vipuri. Sindano hupinda ikianguka, nozeli hupasuka ikikazwa kupita kiasi, na pete za mpira huvimba zikikutana na thina. Muulize muuzaji: je, sindano na nozeli za kifaa hiki zinauzwa peke yake? Je, pete zake zinahimili thina, kama zile za tefloni? Ikiwa jibu ni hapana, unanunua kifaa ambacho maisha yake yataishia siku kitakapoanguka mara ya kwanza.

3. Hewa ndiyo nusu ya gharama

Brashi ya hewa haifanyi kazi peke yake. Kwa kazi nyingi za modeli shinikizo la psi 15 hadi 25 linatosha, yaani chini ya upepo wa matairi mengi ya magari madogo. Kinachotafutwa ni hewa iliyotulia na iliyo kavu kuliko hewa yenye nguvu nyingi.

Kompresa yenye tangi hutoa hewa tulivu, kwa kuwa tangi hupokea mapigo ya mashine na kuyasawazisha. Kompresa ndogo ya kujazia matairi, ile inayochomekwa kwenye gari, haina tangi. Hupiga kwa mapigo na hupata moto upesi. Brashi za hewa zenye betri na kompresa yake juu ya mkono ni nafuu na husaidia umeme unapokatika, lakini shinikizo lake huwa dogo, na betri ikichoka kifaa chote huwa hatarini kutupwa.

Hakikisha kompresa ina regileta yenye geji pamoja na chujio la maji. Hapa kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, hasa wakati wa masika, hewa hubeba unyevu mwingi. Kompresa huukamua unyevu huo ukawa matone, na tone moja likipita hadi kwenye modeli huacha doa lisilofutika. Vilevile soma kibao cha umeme kilichobandikwa kwenye mashine. Umeme wetu ni wa volti 230; mashine iliyotengenezwa kwa volti 110 itaungua mara itakapowashwa, na hilo si kosa ambalo dhamana hulifidia.

Asiyeweza kumudu kompresa anaweza kuanza na gurudumu la gari lililojazwa upepo kwa fundi wa matairi, likaunganishwa na brashi kwa mpira wa hewa wenye regileta. Njia hii haina kelele wala haihitaji umeme. Kasoro yake ni kwamba upepo hupungua kadiri unavyotumika. Lisijazwe kamwe kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

4. Rangi na afya yako

Rangi nyingi zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni za mafuta au za magari, nazo huhitaji thina. Zikipulizwa, mvuke wake huingia mapafuni na unaweza kushika moto. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Pulizia mahali penye hewa ya kupita, mbali na jiko na kibatari, na watoto wasiwepo karibu. Rangi zinazochanganywa na maji zina hatari ndogo zaidi kwa anayeanza, ingawa vumbi lake nalo si la kuvutwa. Epuka rangi isiyo na lebo. Baadhi ya rangi huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa kila mtu, na kwa watoto zaidi.

Rangi yoyote ipunguzwe hadi itiririke kama maziwa mabichi, kisha ichujwe kwa kipande cha soksi ya nailoni kabla ya kutiwa kikombeni. Hatua hiyo ndogo huokoa nozeli nyingi.

5. Bei ya kifaa na bei ya kazi

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Tutazame mfano, tukikumbuka kwamba tarakimu zake ni za kufundishia tu wala si bei za soko.

Mnunuzi wa kwanza anachukua brashi ya hewa ya shilingi 60,000 isiyo na vipuri. Uzi wake haulingani na mpira wa hewa alio nao, hivyo anaongeza kiunganishi cha shilingi 15,000. Mwezi wa tatu sindano inapinda, naye hulazimika kununua kifaa kingine cha shilingi 60,000. Jumla ni shilingi 135,000. Mnunuzi wa pili anachukua kifaa cha shilingi 110,000 chenye uzi unaolingana, pamoja na sindano na nozeli ya akiba kwa shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 130,000. Sindano yake ikipinda, yeye huibadilisha jioni ile ile na kuendelea na kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, andika katika karatasi moja: bei ya kifaa, ya kompresa au chanzo kingine cha hewa, ya mpira na viunganishi, ya vipuri, ya barakoa, na nauli ya mzigo. Jumla ya mistari hiyo ndiyo bei ya kweli. Ikizidi uwezo wako, heri usubiri kuliko kupunguza barakoa au vipuri.

6. Majaribio ya kufanya kabla ya kulipa

Mnunuzi anayefika dukani, au anayemtuma ndugu yake wa Dar es Salaam, afanye majaribio haya kwa maji safi:

(a) Toa sindano, iviringishe juu ya kioo. Ncha ikirukaruka, imepinda.
(b) Tia maji kikombeni na upulize juu ya kadibodi. Doa liwe la mviringo, lisiegemee upande mmoja.
(c) Tazama kikombe wakati wa kupuliza. Mapovu yakichemka ndani, hewa inavuja kupitia nozeli au pete.
(d) Kwa brashi ya matendo mawili, bonyeza bila kuvuta. Itoke hewa tupu.
(e) Paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, pana mvujo.
(f) Unganisha mpira wa hewa kwa mkono. Uzi ukikataa, usiulazimishe.

7. Haki zako

Mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti ya kielektroniki kila unaponunua, na uhakikishe kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Mweleze muuzaji kwa ujumbe wa maandishi kazi unayokusudia, kwa mfano: "Nataka brashi ya kupulizia modeli, itumie rangi ya thina." Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anayemjulisha muuzaji kusudio lake na kutegemea ujuzi wake ana msingi wa kudai kifaa kinachofaa kwa kusudio hilo. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo nayo sharti ilingane na maelezo hayo. Hifadhi ujumbe na picha za tangazo.

Kifaa kikifika na kasoro, kipige picha kabla hujakitumia, mjulishe muuzaji mara moja, na mkubaliane nani atalipa nauli ya kukirudisha. Swali la nauli liulizwe kabla ya kununua, kwa kuwa mzigo wa kwenda na kurudi Dar es Salaam unaweza kula sehemu kubwa ya bei. Asiposikiliza, mwone Afisa Biashara wa halmashauri yako. Malalamiko ya upotoshaji au bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Yale ya ubora hafifu wa vifaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania.

8. Utunzaji

Mwaka 1916, kabla Wajerumani hawajaizamisha Graf von Goetzen, mafundi wake walizipaka mashine grisi nzito. Meli ilipoinuliwa mwaka 1924, mashine hizo zilikuwa bado zinaweza kutengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Brashi ya hewa haihitaji grisi nzito, lakini huhitaji moyo ule ule wa kutunza. Pulizia maji au thina safi kila unapobadili rangi. Mwisho wa kazi toa sindano, ifute kuelekea nchani, na irudishe taratibu. Dakika tano za kusafisha kila jioni huongeza miaka ya kifaa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tundu la milimita 0.2 halimfai anayeanza?
2. Taja sababu mbili za kuhitaji chujio la maji mjini Kigoma.
3. Andika orodha ya gharama zote za kifaa unachokusudia kununua. Je, jumla yake inazidi bei ya tangazo kwa kiasi gani?
4. Tunga ujumbe wa sentensi mbili wa kumweleza muuzaji kusudio lako.