Ufunguo wa Kabati Usiwe kwa Mtu Mmoja: Mbinu za Kutunza Maandishi ya Madrasa kwa Simu

Mshika fedha wa kamati ya madrasa amepanda boti kwenda Unguja kwa matibabu, na ufunguo wa kabati anao mfukoni. Ndani ya kabati limo daftari la michango. Maalim anauliza kama posho yake ya mwezi imeshatengwa. Fundi anasubiri fedha za mabati. Hakuna aliyeiba wala aliyekosea, lakini kazi ya wiki nzima imesimama kwa sababu maandishi yote yako kwa mtu mmoja.

Huku Micheweni, Pemba, kuanzia Konde na Tumbe hadi Wingwi na Maziwang'ombe, chuo (ndiyo madrasa) na msikiti huendeshwa na watu wanaojitolea: mvuvi, mkulima wa mwani, mwalimu wa skuli anayepata nafasi baada ya Alasiri. Hawana karani, lakini simu ya mjumbe mmoja au wawili inatosha kuwa ofisi, ikitumiwa kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe tumeusoma tangu utotoni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana madeni: awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika, jambo likiwa dogo au kubwa. Simu inatusaidia kuyatimiza hayo kwa wepesi.

1. Fungueni akaunti ya chuo, si ya katibu

Anwani ya barua pepe iwe kwa jina la madrasa, ili katibu akiondoka kumbukumbu zibaki. Google inatoa GB 15 bure, nafasi ya kutosha mihtasari na hesabu za miaka mingi. Namba ya kurejeshea akaunti iwe ya mjumbe mwengine, si ya yule anayeitumia kila siku. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, litiwe ndani ya bahasha iliyofungwa, na mwenyekiti akae nayo.

2. Daftari lisitupwe, lipigwe picha

Karatasi ina sahihi, na wazee wanaiamini. Endeleeni kuandika kwa kalamu, kisha kila Ijumaa baada ya sala katibu apige picha kurasa za wiki hiyo. Programu ya Google Drive ina kitufe cha kamera kinachonyoosha ukurasa na kuuhifadhi kama PDF. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, kisha siku: 2025-03-14 Muhtasari wa kikao. Mafaili yakiitwa hivyo hujipanga yenyewe, na anayetafuta kikao cha miaka mitatu nyuma hatapekua.

3. Michango yote iingie jedwali moja

Kwenye Google Sheets wekeni vichwa saba: tarehe, mtoaji, kiasi, njia, namba ya risiti, aliyepokea, aliyeshuhudia. Asiyetaka kutajwa aandikwe “Muhisani”. Kwenye kiasi andikeni tarakimu tupu, 5000, wala si “5,000/=” au “elfu tano”, kwani alama na maneno huzuia jedwali kujumlisha. Jumla mtaipata kwa kuandika =SUM(C2:C200) kwenye kisanduku cha pembeni.

Mchango ukija kwa simu, ujumbe wa muamala una namba ya kumbukumbu. Ikopiwe kama ilivyo chini ya kichwa cha namba ya risiti. Laini ya kupokelea iwe ya chuo peke yake. Fedha za chuo zikichanganyika na za mwenye simu, hata mwaminifu atashindwa kuzitenganisha.

4. Jiandaeni kwa siku ya kiza

Tangu 2010 Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari. Wenzetu wa Unguja wanakumbuka kiza cha miezi mitatu kilichoanza Disemba 2009, waya wao ulipopata hitilafu. Umeme ukizimika, mtandao nao unaweza kukatika, kwa hiyo jedwali lipatikane hata bila mtandao: bonyezeni nukta tatu karibu na jina la faili, chagueni lihifadhiwe ndani ya simu. Mtakachoandika kitajipeleka chenyewe mtandao ukirudi.

5. Tumieni kalenda mbili

Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka wa Miladia. Mkiweka kwenye simu kikumbusho cha futari au Maulidi kinachojirudia kila mwaka kwa tarehe ileile, mwaka wa pili tu kitawapoteza. Shughuli za Hijria zipangeni upya kila mwaka. Za mwisho wa mwezi, kama posho ya maalim, ziachwe zijirudie.

6. Chungeni sitara za watu

Wanaoweza kubadilisha jedwali wawe watatu: mwenyekiti, katibu na mshika fedha. Wajumbe wengine wapewe ruhusa ya kusoma tu. Orodha ya mayatima na wajane wanaosaidiwa iwe faili la peke yake, na isipelekwe kwenye kundi la WhatsApp hata kwa dakika moja. Ujumbe unaweza kufutwa, lakini aliyekwisha kuupiga picha anabaki nayo, na mjane ataisikia njaa yake ikisimuliwa barazani.

Mwisho wa mwezi chapisheni ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Watatu watie sahihi, kisha ubandikwe kwenye ubao wa msikiti. Anayechangia mia tano ana haki ya kuuona sawa na anayechangia laki.

Msiyaanze yote kwa pamoja. Ijumaa hii pigeni picha daftari lililopo, kurasa zote, na wiki ijayo mfungue jedwali. Siku mshika fedha atakapopanda tena boti, ufunguo anaweza kuondoka nao. Maalim atapata posho yake siku ileile, na mgonjwa atatibiwa bila kupigiwa simu kuulizwa hesabu.